Tuliacha Kuzungumza Naye

Akina mama wenzetu, jambo hili tulilificha kwa muda mrefu. Hata leo tumeketi wawili mezani, mke na mume, ili kulieleza, kwa sababu hakuna kati yetu anayeweza kulisimulia peke yake bila kumsukumia mwenzake lawama.

Mwanetu wa tatu alizaliwa salama, mwenye kilo tatu na nusu. Alikuwa mtoto mpole mno. Majirani walitusifu: mtoto gani huyu, hata redio ikipigwa kwa sauti ya juu yeye analala tu! Nasi tukajiona tumejua kulea. Alipofikisha miezi kumi bila kugeuka anapoitwa, bibi yake alisema wapo watoto wachelewao kusema, na kwamba hata baba yake alianza kusema akiwa na miaka mitatu. Tulipouliza kliniki tukaambiwa tusubiri, watoto wa kiume huchelewa. Tukasubiri. Siku moja sufuria ya uji ilianguka sakafuni nyuma yake. Kaka yake aliruka, paka akakimbilia nje, lakini yeye aliendelea kupanga vifuniko vyake vya soda. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa.

Vipimo vilionyesha kwamba anaanza kusikia kwenye desibeli 80 hivi, na mazungumzo ya kawaida ya watu ni kama desibeli 60. Kwa maneno mengine, pikipiki ikipita karibu naye aliisikia, lakini sauti ya mama yake hakuwahi kuisikia.

Basi yakaanza maswali ya ndugu. Ni upande wa nani? Mama alikula nini akiwa mjamzito? Hatutaki kuyarudia yote. Daktari alitueleza kwamba sababu ni nyingi: uti wa mgongo, rubela ya mama mjamzito (chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto hapa Tanzania mwaka 2014), manjano makali ya mtoto mchanga, baadhi ya sindano kama gentamaisini, na kurithi. Kuhusu kurithi alisema neno lililowanyamazisha wengi ukoo mzima: mara nyingi kila mzazi huwa amebeba kasoro ileile bila kujua, naye anasikia vizuri kabisa. Marekani, zaidi ya watoto 9 kati ya kila 10 walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa mwanetu sababu haikujulikana.

Lakini kosa tunalotaka kulisema ni letu sisi wawili. Tulipojua kwamba hasikii, tuliacha kuzungumza naye. Hatukukubaliana kufanya hivyo, ilitokea tu. Tulimwogesha kimya, tulimlisha kimya, tulimvalisha viatu kwa kumshika mguu na kuusukuma ndani. Wenzake tuliwaambia, "Haya, njoo, leo tunakwenda kwa shangazi." Yeye alibebwa tu. Nani angejisumbua kusema na asiyesikia? Tulimpenda sana, lakini tulimhudumia kama mgonjwa aliyelala.

Mtaalamu wa usikivu ndiye aliyetuambia habari za utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, uliochapishwa mwaka 1998. Walilinganisha lugha ya watoto 150 wenye upungufu wa kusikia: 72 waliogunduliwa kabla ya kutimiza miezi sita, na 78 waliogunduliwa baadaye. Wale wa kwanza, kama akili zao hazikuwa na kasoro nyingine, walikuwa mbele sana katika kuelewa na kujieleza. Usiku ule tulihesabu kwa vidole: miezi sita, na sisi tulichelewa hadi ishirini na mmoja. Hatukulala.

Siku ya pili tulirudi kwake kumlalamikia, eti kwa nini ametuambia jambo la kutuvunja moyo. Akasema hatukusikiliza hadi mwisho. Wale watoto wa mapema walikuwa mbele wawe wanatumia sauti au lugha ya alama, wawe wa matajiri au wa maskini, wawe wanasikia kidogo au hawasikii kabisa. Walichopata mapema ni watu wa nyumbani waliofundishwa kuzungumza nao. Halafu akatuuliza, "Nyinyi mnazungumza naye vipi?" Tulitazamana.

Alipata vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo wengine huviita shimesikio. Hapa tuwaambie ukweli, maana watu hudhani ukivaa umepona. Kifaa hukuza sauti zote, ya mama na ya kelele za sokoni. Plastiki laini inayoingia sikioni huchongwa kwa umbo la sikio la mtoto, na mtoto hukua. Ikilegea, kifaa hupiga mluzi ibada nzima huku watu wakigeuka. Betri nazo, ukishabandua kile kikaratasi huanza kwisha hata usipozitumia. Hayo tulijifunza baada ya kubandua vikaratasi vyote kwa mara moja ili "kurahisisha kazi". Siku za kwanza alivitupa, kimoja tulikitoa kwenye ndoo ya maji ya kuku.

Ndugu walitushauri tuuze kiwanja ili apandikizwe kifaa ndani ya sikio, upasuaji ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili iliuanza mwaka 2017. Kabla ya hapo wengi walipelekwa India. Huo nao ni matunda ya utafiti. Profesa Graeme Clark wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa hasikii vizuri, alitafuta kwa miaka namna ya kupitisha nyaya laini katika sehemu ya ndani ya sikio iliyojiviringa kama konokono. Mwaka 1977, akiwa likizo ufukweni, alijaribu kusukuma jani la nyasi ndani ya kombe la bahari, akaona kwamba kitu chenye ncha laini na shina gumu huingia bila kukwama. Tarehe 1 Agosti 1978 alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza. Kifaa hicho hakikuzi sauti; huigeuza kuwa umeme na kuupeleka moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia, na mtoto huhitaji miaka ya mazoezi ili ajifunze kuuelewa. Daktari alitushauri tuvijaribu kwanza vifaa vya nje kwa miezi sita. Baada ya muda huo mwanetu aligeuka kwa kuitwa akiwa karibu, basi tukaendelea navyo. Angekuwa hasikii kabisa, tungeuza kiwanja.

Jumamosi tulikwenda kujifunza Lugha ya Alama ya Tanzania kwa mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi. Vidole vyetu vilikuwa vigumu kama vya mzee anayejifunza kuendesha baiskeli, na watoto wetu wakubwa walitushinda kwa wiki mbili. Bibi yake hakutaka; alisema mtoto ataacha kujaribu kusema. Kumbe alipopata alama ya "maji", ndipo alipoanza kulitamka neno hilo. Sasa anasoma darasa la pili, anasema kwa mdomo na mikono pamoja, na bibi ndiye anayempigia umbea mrefu kuliko wote.

Mwaka jana tulipata mtoto wa nne. Safari hii hatukungoja sufuria ianguke. Akiwa na wiki tatu tulimpeleka apimwe kwa kile kipimo kilichotokana na ugunduzi wa David Kemp wa London mwaka 1978: kijipira chenye sauti ndogo huwekwa sikioni, na sikio la ndani likiwa zima hurudisha mwangwi. Hakiumi, mtoto hulala tu. Mwanetu alisimama kwenye kiti, akitazama mashine. Mhudumu alipotuambia kwamba masikio yote mawili yamejibu, alituvuta nguo akauliza kwa mikono, "Amesema nini?"

Tukamjibu kwa mikono kwamba bado, amelala. Akavua kifaa chake cha sikio la kulia, akataka amvalishe.