Safari ya Asiatique: nilivyomwona binti yangu amevaa joho

Wengi mmeniuliza bombani na kwenye foleni ya mgao, "Mama, hivi Bujumbura ulienda kweli, ama ni maneno ya watu?" Nilienda. Nilitoka kwa kibali na nikarudi kwa kibali. Ndugu wa gazeti wameniomba niandike yote mara moja ili nisirudie kwa kila mtu, basi kaeni niwasimulie.

Wanaonijua wanajua sisi ni watu wa Baraka, Fizi. Tulivuka ziwa mwaka 1998, vita ya pili ilipoanza. Tulikaa Lugufu, na kambi ile ilipofungwa mwaka 2009 tukaletwa hapa Nyarugusu. Binti yangu alizaliwa Lugufu. Congo anaijua kwa hadithi tu. Shule alisoma hapahapa kambini, kwa programu ya Kikongo na kwa Kifaransa, mpaka akashinda mtihani wa serikali. Baba yake hakuuona ushindi huo, alifariki mwaka 2016. Neno aliloniachia ni moja: "Huyu mtoto asiishie kwenye foleni."

Shemeji yangu anayeishi Bujumbura akasema, mtume huku, vyuo vya huku vinafundisha kwa Kifaransa, hatapata shida. Mwaka wa kwanza nitalipa mimi, mengine tutaona. Akaenda mwaka 2019, akaanza kusoma uuguzi katika chuo kimoja cha binafsi. Miaka mitano sikumwona. Ilikuwa simu tu, tena siku vocha ikipatikana.

Mwishoni mwa 2023 akanipigia. "Mama, mwakani nahitimu. Utakuja?" Nikajibu nitakuja. Nilipokata simu nikajicheka mwenyewe. Nitaenda na nini? Mwaka ule mgao ulikuwa umeshushwa hadi nusu, na mimi nauza mandazi.

Kwanza ilikuwa karatasi. Wengi hapa tunadhani mkimbizi hawezi kwenda nchi nyingine mpaka aitwe na ndege. Siyo hivyo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, Ibara ya 28, unasema nchi inayompa mkimbizi makazi impe hati ya kusafiria, isipokuwa kuna sababu nzito ya usalama. Ni kitabu kidogo kama pasipoti. Ukishakipata unaomba viza ya nchi unayoenda, na kutoka kambini unahitaji kibali. Nilianza mapema, na nashukuru nilianza mapema, maana ofisi moja iliandika jina langu na herufi moja iliyokosewa, ikabidi nianze upya. Miezi mitatu ikaenda kwa herufi moja! Ndugu zangu, mkipewa karatasi yoyote isomeni palepale mezani kabla hamjaondoka.

Pili ilikuwa pesa. Hapo ndipo nilipowajua watu. Akina mama wa likelemba yetu walinipa zamu ya kwanza ijapokuwa nilikuwa wa saba. Jirani yangu Mrundi, ambaye kwao ndiko nilikokuwa ninaenda na yeye hawezi kwenda, alinipa shilingi 2,000 akasema, "Ukifika, nisalimie ziwa." Rafiki yangu tuliyekaa naye Lugufu, sasa yuko Marekani, alituma nauli ya kwenda. Mwalimu mmoja mstaafu alinipa begi. Viatu niliazima, na mwenye viatu anasoma hapa, ninajua anacheka.

Tatu ilikuwa hofu, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Faili letu la kwenda nchi ya tatu limekaa tangu 2017. Kila mtu aliniambia, "Wakikuita wewe hupo, je? Utapoteza Marekani kwa sababu ya sherehe ya siku moja?" Hata mwanangu wa kiume alinuna. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa kijiji chetu, akaniuliza swali moja tu: "Mtoto atahitimu mara ngapi?" Akanishauri nitoe taarifa ofisini kwa maandishi, niache namba ya simu na siku ya kurudi. Nikafanya hivyo, nikafunga begi.

Tuliondoka mwezi wa 8 mwaka 2024. Kutoka Makere hadi Kasulu, kisha Buhigwe, kupanda milima mpaka mpakani Manyovu. Upande wa pili ni Mugina, Burundi. Hapo rudisheni saa nyuma saa moja, maana Burundi na sisi tunapishana. Mimi nilisahau, mtaona kilichonipata.

Kutoka Mugina unapita Mabanda, halafu barabara inateremka hadi Nyanza-Lac, ziwani kabisa. Siku hizo mafuta yalikuwa ya shida Burundi nzima. Tulikaa saa nne tukingoja Probox iliyopata petroli, tukapakiwa kama dagaa. Ziwa nalo lilikuwa limepanda sana mwaka ule, sehemu nyingine maji yameingia kwenye nyumba, minazi na michikichi imesimama ndani ya maji.

Tulipokaribia Rumonge, hewa ilikuwa safi. Dereva akasema, "Maman, ile ng'ambo ni Congo." Sikuhitaji kuambiwa. Ile rasi ndefu ni Ubwari, na nyuma yake, ndani ya ghuba, ndiyo Baraka. Miaka 26 sikuiona milima hiyo. Nilitaka kulia lakini nilikuwa nimebanwa katikati ya mzee na kikapu cha mawese, hata mkono wa kufuta machozi sikuwa nao. Nikamsalimia yule jirani ziwa lake, na mimi nikajisalimia langu, kumbe ni lilelile.

Kutoka Rumonge ni kama kilomita 75 hadi Bujumbura. Kabla ya kuingia mjini, pale Mugere, kuna jiwe kubwa la kumbukumbu: Livingstone na Stanley walifika hapo mwezi wa 11 mwaka 1871. Tukaingia mjini usiku.

Sasa Asiatique. Binti yangu alikuwa anakaa hapo, katika ua wa bibi mmoja mjane. Wakoloni waliupanga mji ule, wakati huo ukiitwa Usumbura, kwa rangi za watu: Wazungu mahali pao, Wahindi na Waarabu wa biashara mahali pao, na Waafrika Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza. Jina la Asiatique limebaki kutoka enzi hizo, ila watu wamechanganyika. Utaona maghala, maduka ya vipuri, gereji, nyumba za zamani zenye baraza na mlango mmoja wa kuingilia uani. Hatua chache uko Buyenzi, kwenye soko la Ruvumera, ambalo lilijaa zaidi baada ya soko kuu la mjini kuungua Januari 2013. Na Kiswahili, jamani! Nilidhani nitahangaika na Kirundi. Muuza mkaa Kiswahili, fundi Kiswahili, mtoto anayetumwa chumvi Kiswahili. Hiki kilikuja na wafanyabiashara wa Ujiji na wa ng'ambo ya ziwa zamani sana, na hakikuondoka.

Bibi mwenyewe ukoo wake una Waarabu wa Oman na Wamanyema. Yeye ni Mwislamu, sisi Wakristo. Mwaka wa pili shemeji alipopoteza kazi na ada ikakatika, ni Bibi aliyempa binti yangu chumba bure. Akamwambia, utanipima presha asubuhi na jioni, hiyo ndiyo kodi. Ada wakasaidiana na wenzake wa chuo na duka moja lililompa kazi ya kuandika hesabu.

Nilipofika, mezani kulikuwa na mukeke wa kukaanga. Hapa tunamwita mgebuka, samaki ni huyohuyo. Kulikuwa na sombe na ugali. Nikakumbatiwa, nikalia, tukacheka. Halafu nikasikia binti yangu anamwita yule bibi, "Mama, chai iko tayari."

Nitasema ukweli kwa sababu mnanijua. Lilinichoma. Mama ni nani hapa? Mimi niliyembeba mgongoni Lugufu, au huyu? Usiku sikulala vizuri. Alfajiri adhana iliposomwa nikatoka uani, nikamkuta Bibi anatawadha. Aliniangalia akajua. Akaniambia, "Dada, mimi nilimlinda tu. Mwenye mali umekuja, karibu uhesabu mali yako." Tukakaa barazani. Akanieleza malaria iliyomlaza binti yangu wiki mbili mwaka 2021, ambayo mimi sikuambiwa, na siku alizotaka kuacha shule akanyamazishwa. Mambo hayo yote nilikuwa siyajui. Basi moyo ukatulia, nikamshika mkono nikamwambia asante, neno lingine sikuwa nalo.

Ila taabu haikuwa imekwisha. Kwa mahafali, ambayo wao wanayaita "collation", kila mhitimu alipewa kadi mbili za wageni. Sisi tulikuwa watatu: mimi, Bibi na shemeji aliyelipa mwaka wa kwanza. Binti yangu alianza kulia, hajui amwache nani. Bibi akasema anabaki. Mimi nikasema Bibi habaki, heri nibaki mimi. Shemeji akakata maneno: "Nyinyi akina mama ingieni. Mimi mwanaume nitasimama getini, akitoka nitakuwa wa kwanza kumwona." Na kweli alisimama jua lote lile.

Siku yenyewe niliamka kwa saa yangu ya Nyarugusu, nikawaamsha wote, tukafika chuoni hata mlinzi hajafungua geti. Binti yangu anacheka, "Mama, umeleta saa ya kambi." Tukakaa juu ya jiwe tukala sambusa za Bibi.

Walipoitwa, wahitimu wa uuguzi waliingia kwa mstari, majoho meusi, kofia kichwani. Ni foleni, lakini siyo ile ya baba yake. Jina lake likasomwa pamoja na jina la baba yake. Nikapiga vigelegele vya Kibembe mpaka watu wa mbele wakageuka, na Bibi akaongeza vya kwao. Baadaye alivua kofia akanivisha mimi, joho akamvisha Bibi, tukapigwa picha. Ile picha inayoning'inia nyumbani kwangu ndiyo hiyo, wanaouliza yule Mwarabu ni nani sasa mmejua.

Nilirudi siku mbili kabla kibali hakijaisha. Kuhusu faili: sikuwa nimeitwa. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hadi leo sijaitwa. Ningebaki hapa kungoja simu, simu nisingepata na mahafali nisingeyaona.

Na binti? Mwaka huohuo wa 2025, ndugu zetu wa Kivu walipovuka mto Rusizi kwa maelfu kuingia Burundi, alikuwa mmoja wa wauguzi waliokwenda kupima watoto. Aliniambia, "Mama, wanawake wale wanaongea kama wewe."

Wazazi wenzangu, UNHCR inasema inataka asilimia 15 ya vijana wakimbizi wafike elimu ya juu ifikapo 2030. Mwaka 2023 walikuwa kama asilimia 7. Kuna ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani. Waambieni watoto waulize matangazo yake ofisini, wasingoje kuletewa. Na mtoto wako akihitimu mbali, anza karatasi mwaka mzima kabla, toa taarifa kwa maandishi, na usione aibu kuomba watu. Mimi niliomba, na nyinyi hamkuninyima.

Likelemba, zamu yangu ya kulipa naikumbuka. Viatu nimerudisha, kisigino kimoja kimelegea kidogo, mnisamehe.

Ni mimi mama yenu, muuza mandazi.