Chumba cha Elfu Ishirini Kilivyoniumbua Mtwara

Kaa mkao wa kula msomaji wangu, maana leo nakuja na kisa changu mwenyewe, si cha jirani wala cha mshikaji. Najua wapo kati yenu wapenda kujirusha, ambao wikiendi ikikaribia huanza kupiga hesabu za hoteli ya bei poa iliyo jirani na kasino, ili mambo yakienda mrama usiku mtu asidaiwe na hela ya teksi. Siwalaumu, kila mtu na starehe yake. Ila mwenzenu bahati nasibu yangu niliichezea mapokezini, tena bila hata kuiona mashine ya dubwi. Na kama ilivyo kwenye dubwi, aliyeshinda ni mwenye nyumba.

Ilikuwa Novemba 2023. Nilikuwa nakwenda Mtwara, na sikuwa nakwenda kutanua bali kupeleka barua ya posa. Bibie niliyezimika naye nilikutana naye hapa hapa Dar, lakini kwao ni Msimbati, kule kwenye rasi ya mchanga inayotazama Ghuba ya Mnazi. Ukiendelea kusini kidogo unakutana na mto Ruvuma ukiingia baharini, na ng'ambo ya pili ni Msumbiji.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mzee wa watu, fundi cherehani mstaafu ambaye maisha yake yote amepima kitambaa kabla ya kukikata. Mfukoni nilikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni bahasha ya posa, shilingi 300,000, ambayo niliapa haiguswi. Cha pili ni 150,000 za kulala, kula na usafiri wa kule. Kwa kuwa si adabu kulala ukweni kabla posa haijajibiwa, tulipanga kulala mjini siku tatu, halafu Jumapili twende Msimbati.

Chumba nilikitafuta kwa simu. Mshikaji alinipa namba, nikapiga, ikapokea sauti laini kama asali. "Elfu ishirini tu kaka, chumba self, kina kiyoyozi. Karibuni sana." Nikakata simu huku natabasamu. Chumba kimoja, mtu na baba yake mdogo, siku tatu, ni 60,000. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Basi tuliondoka Mbagala jioni, tukaingia Mtwara saa 11 alfajiri, macho mekundu na miguu imevimba. Binti wa mapokezi alimwamkia mzee vizuri, shikamoo yake ya heshima, nikajua tumefika nyumbani. Kumbe nimefika shambani kwa mtu, na mahindi ni mimi.

La kwanza lilikuwa limeandikwa ukutani kwa maandishi mekundu, kwamba hairuhusiwi wanaume wawili kulala chumba kimoja. Nikamwambia dada, huyu ni baba yangu mdogo, tazama mvi hizo. Akasema, "Naelewa kaka, lakini ndiyo sheria ya nyumba." Vikawa vyumba viwili.

La pili, siku ya pale inaanza saa 4 asubuhi. Aliyeingia kabla ya hapo anatoa nusu ya bei, elfu kumi kwa kila chumba. Mzee alikuwa anasinzia amesimama. Ungefanya nini? Tukalala.

Jumamosi asubuhi nikaenda kulipa, ndipo nikaletewa karatasi. Vyumba viwili, 40,000. Kuwahi kuingia, 20,000. Rimoti ya kiyoyozi chumbani kwa mzee, 5,000, kwa sababu kiyoyozi kipo lakini rimoti inakodishwa! Taulo mbili, 2,000. Ndoo ya maji ya moto, 1,000. Jumla 68,000. Baba mdogo, ambaye hajawahi kununua hata sindano bila karatasi, akaomba risiti. Dada akaangalia dari. "Mzee, bei hiyo ni ya bila risiti. Mkitaka risiti tunaongeza asilimia 18 kwenye vyumba." Zikaongezeka 7,200.

Shilingi 75,200, kwa usiku mmoja ambao mimi niliupangia 20,000. Na chai hatujanywa.

Nilifoka pale, nikasema huu ni wizi wa mchana, kwa nini hamkuniambia kwenye simu? Yule binti wala hakukasirika. Alinitazama tu akasema, "Kaka, ulichouliza ndicho ulichojibiwa. Uliuliza bei ya chumba." Nikalipa. Neno lile likanikaa rohoni kama mwiba wa samaki, na sababu nitakueleza baadaye.

Tukatoka na mabegi yetu. Dereva wa bajaji, mtu wa makamo, alipotusikia tunalalamika akacheka. Akatuambia Mtwara ina misimu yake. Zamani wageni walikuwa wachache, barabara yenyewe ilikuwa kasheshe, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003 watu walikuwa wanavuka kwa kivuko na mvua ikinyesha safari inakuwa ya siku kadhaa. Halafu ikaja habari ya gesi. Kampuni za kigeni zikamiminika, nyumba za wageni zikaota kama uyoga na bei zikapaa. Mwaka 2013 mji ukawaka moto kwa vurugu za bomba la gesi, bomba lenyewe likazinduliwa 2015, na wageni wengi wenye hela wakaondoka. "Vyumba vikabaki," akasema, "na tabia ya bei ikabaki." Siku hizi, kuanzia Oktoba, ni msimu wa korosho. Kuna minada, wanunuzi, madereva wa malori na bandari iliyochangamka. Chumba cha kawaida kinakuwa almasi. Ukitaka nafuu, alisema, njoo baada ya msimu, au usilale barabara kuu.

Kwa ubishi wangu nikamwambia atupitishe kwanza Shangani, upande wa bahari, nikasikie bei. Hoteli moja wakanitajia kwa dola. Nikageuza kwa shilingi kichwani, nikamwambia dereva twende. Baba mdogo hakusema kitu, alikohoa tu.

Mwisho akatufikisha Chikongola, kwenye nyumba ya mama mmoja wa makamo, kuta zimepakwa chokaa, uani kuna mwembe. Safari hii nikawa nimeshasoma. Kabla begi halijagusa sakafu nikauliza, "Mama shikamoo. Sisi ni wawili, mtu na baba yake mdogo. Tunalala siku mbili. Tukiondoka Jumatatu asubuhi, tutakuwa tumekupa shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na kila kitu?"

Yule mama akaweka ufagio chini. Akasema kuna chumba cha vitanda viwili, 30,000 kwa siku, feni ipo, neti zipo, taulo zipo, maji ya moto mzee ataletewa, asubuhi kuna chai na chapati. Kiyoyozi hakuna, na umeme ukikatika hana jenereta, hilo tulijue mapema. Choo ni cha uani. Kutoka ni saa 4, lakini tukichelewa kidogo hatatufukuza. Jumla 60,000, na risiti atatupa.

Alitutajia na mabaya yake! Sijawahi kulala vizuri kama usiku ule, na joto la Novemba mnalijua.

Ila hesabu ilikuwa imeshaharibika. Katika 150,000 nilibakiwa na 14,800, na bado chakula, bado nauli ya Msimbati ya kwenda na kurudi. Jumamosi jioni, tukila ming'oko ya kuchemsha tuliyonunua barabarani, nikashika ile bahasha ya posa. Baba mdogo akaniona. "Rudisha," akasema. Akafungua kibindo chake, akatoa 40,000 alizoziweka kununulia korosho za mama mdogo. Nikataka kukataa, akanizuia kwa mkono. "Mwanangu, sisi tunakwenda kuomba mtu. Huwezi kuomba mtu na bahasha iliyopungua."

Sasa msomaji, hapa ndipo nilipoanza kukosa usingizi, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine kilichopungua. Nina mtoto. Binti wa miaka mitano wakati ule, anaishi Temeke kwa mama yangu, nilimzaa na mwenzangu mmoja tulioachana. Bibie hakujua. Miaka miwili ya uchumba sikumwambia. Kila nafsi iliponisuta nilijipoza kwa jibu moja, kwamba hajaniuliza. Angeuliza, ningesema.

Na ndilo jibu nililopewa mimi pale mapokezini! Ulichouliza ndicho ulichojibiwa.

Jumapili tukapanda gari la abiria, tukapita Madimba kwenye ule mtambo wa kusafishia gesi, tukaingia Msimbati kwa vumbi na mchanga mweupe. Bahari ya kule we acha tu. Eneo lile limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo ukienda kama mtalii jua kuna kiingilio cha hifadhi mbali na hela ya kulala. Hicho nacho ukiulizie mapema, kisije kikakukuta mlangoni.

Tukapokewa vizuri, tukatandikiwa mkeka. Kwa watu wa kusini mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada yake, na aliyezungumza siku ile ni mjomba wa bibie. Baba mdogo alitoa maneno yake, bahasha ikawekwa kwenye sinia. Mjomba akavaa miwani, akafungua karatasi ya daftari, akasoma taratibu, mahari ya binti, mkaja wa mama, kilemba chake yeye, blanketi la bibi. Akataja jumla. Halafu akasema, "Hiyo ndiyo yote. Kesho hamtasikia kuna kingine kimesahaulika. Na nyinyi, mna lipi la kutuambia kabla hatujala?"

Baba mdogo akasema hatuna. Mimi nikasema tunalo.

Nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua, nina mtoto wa kike wa miaka mitano, na mwenzangu nilimficha. Ukimya ulioingia pale sijawahi kuusikia tena. Nyuma ya pazia nikasikia kikombe kikiwekwa chini, kisha nyayo zikienda uani. Mjomba akavua miwani. Chakula kililetwa, wali na pweza, lakini hakuna aliyekula kwa raha. Bahasha tulirudishiwa kwa heshima, tukaambiwa tungoje.

Nilikosea, nakiri. Alipaswa kuambiwa yeye kwanza, tena miaka miwili nyuma, si mbele ya wazee wake. Njia nzima ya kurudi baba mdogo aliniambia neno moja tu. "Umechelewa kulipa, lakini umelipa."

Miezi miwili bibie hakupokea simu yangu. Siku aliyopokea hakunisalimu, aliuliza tu, "Hakuna kingine?" Nikamwambia hakuna. Akaniuliza tena mara ya pili, na ya tatu. Tulioana Agosti 2024, na mtoto tunaishi naye. Lakini mpaka leo nikichelewa kurudi nyumbani ananitazama kwa jicho lile la kukagua bili, na sina haki ya kununa.

Basi nawausia wenzangu mnaopenda vya bei poa kama mimi. Usiulize bei ya chumba, uliza jumla ya siku zako zote. Taja mko wangapi na ni akina nani. Uliza siku yao inaanza saa ngapi, kiyoyozi na rimoti yake, taulo, chai, maji. Risiti ni haki ya mteja, si kitu cha kununua. Ukitajiwa dola, kumbuka kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Na usidhani uchafu huu ni wa kwetu peke yetu. Kule Las Vegas, mji wa makasino, hoteli nyingi zilizoea kutangaza bei ndogo na kumpachika mgeni ada za lazima mwishoni, hadi Mei 2025 ilipoanza kutumika kanuni ya serikali ya Marekani inayowataka waoneshe bei nzima tangu mwanzo.

Hayo yote uyafanye kabla begi halijagusa sakafu. Na kama wewe ndiye unayekaribisha mtu, iwe chumbani mwako au maishani mwako, usingoje aulize. Mtajie na choo cha uani.