Kereng'ende wa Kidimbwi cha Shule

Katika shule ya msingi moja ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, tulikwenda kusimamia mazoezi ya kufundisha. Nyuma ya madarasa palikuwa na kidimbwi cha kumwagilia miche ya kahawa. Siku hiyo mwanachuo wetu alifundisha ukuaji wa wadudu. Alichora kipepeo ubaoni, akasema kwamba kila mdudu mwenye mabawa hupitia hatua nne: yai, lava, pupa na mdudu kamili.

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kereng'ende hana pupa. Nilipokwenda kuchota maji alfajiri, nilimwona akitoka mgongoni mwa mdudu wa majini aliyepanda tete."

Darasa likacheka. Mwanachuo akamwamuru aketi. Nasi tuliokaa nyuma na karatasi ya tathmini tukaandika: "Amelimudu darasa."

Jioni dhamiri ilitusuta, tukaenda kidimbwini. Juu ya tete tulikuta gamba kavu, tupu, lililopasuka mgongoni. Mtoto alikuwa amesema kweli. Kereng'ende hupitia hatua tatu tu: yai, tunutu aishiye majini, na mdudu kamili. Tunutu huyo hupumua kwa matamvua yaliyo ndani ya utumbo wake wa nyuma, na hunasa windo kwa mdomo wa chini unaofyatuka mbele kama mkono. Miongoni mwa vyakula vyake ni viluwiluwi vya mbu.

Kesho yake mwanachuo alikubali kuanza somo upya, na mtoto yule akaliongoza darasa hadi kidimbwini. Walichota maji kwa bakuli jeupe. Katika chupa moja ya kioo waliweka tunutu mmoja na viluwiluwi kumi. Katika ya pili, viluwiluwi kumi peke yao. Vinywa vya chupa vikafunikwa kitambaa. Asubuhi iliyofuata walihesabu wenyewe, na upungufu katika chupa ya kwanza haukuhitaji maelezo. Mwanachuo akawaonya, na ni vema, kwamba kereng'ende hawawezi kuwamaliza mbu wote; chandarua lazima kibaki kitandani.

Tathmini ile tuliifuta, tukaandika nyingine iliyotaja pia kosa letu.

Ndugu mwanachuo, utakapofundisha somo hili, usiwaruhusu watoto kuingia majini. Tena, simika kijiti ndani ya chupa kitokeze juu ya maji, ili tunutu aliyekomaa apate pa kupanda. Huenda asubuhi moja watoto wakafika darasani kabla yako, wakawa na jambo la kukueleza.