Mpira Laini kwa Mikono Midogo

Mchezo, kama nguo, hauna budi kukatwa kwa kipimo cha mvaaji. Mtoto hapewi kanzu ya babu yake akaambiwa akimbie. Lakini katika tenisi hivyo ndivyo tulivyofanya kwa miaka mingi: tuliwapa watoto mpira, wavu na kiwanja cha watu wazima, kisha walipouacha mchezo tukasema kwamba huo si wetu, ni wa wakubwa wenye vilabu.

Mimi nilikulia jirani na kilabu cha namna hiyo. Tuliokota mipira kwa ujira mdogo, na jua lilipozama lango lilifungwa sisi tukiwa nje. Raketi tulizishika pale tu tulipotumwa kuzibeba.

Wajapani nao walikuwa na shida yao. Tenisi ilipowafikia katika karne ya 19, mipira ilitoka ng'ambo nayo ilikuwa ghali. Wakatumia mpira wa raba tupu, mwepesi, wenye hewa ndani. Uhaba huo ukazaa mchezo kamili, tenisi ya mpira laini, wenye sheria zake, ulioenea katika shule zao na kufika Korea na Taiwan. Mwaka 1994 ukashindaniwa medali katika Michezo ya Asia huko Hiroshima. Mpira wake una uzito wa gramu 30 hivi, ilhali ule wa tenisi ya kawaida haupungui gramu 56.

Kwa mtoto tofauti hiyo ni kubwa. Mpira mgumu humjia kwa kasi, hudunda ukampita kichwani, naye hujifunza kuogopa kabla ya kujifunza kupiga. Shirikisho la Tenisi la Kimataifa lilitambua jambo hili. Lilianza mpango wake mwaka 2007, na tangu mwaka 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yake hutumia mipira ya kasi ndogo. Mpira wa wadogo kabisa umepunguzwa kasi kwa asilimia 75 hivi. Wavu wao una kimo cha sentimita 80, na kiwanja chao kina urefu wa mita 11 hivi badala ya 23.77.

Sisi mtaani hatukuwa na mipira hiyo. Kila Jumamosi alasiri, baada ya juma zima la mafaili, nawakusanya watoto. Mipira tumeikata kwa mkasi kutoka godoro kuukuu la sponji. Seremala ametuchongea vibao. Wavu ni kamba iliyotundikwa magunia. Kwa kuwa sponji haidundi sana, tunaupiga mpira ukiwa hewani. Kwanza mtoto hudaka kwa mikono miwili, kisha hupiga kwa kiganja, ndipo hupewa kibao. Wawili huhesabu pamoja mapigo yao bila kushindana, na mpira ukianguka huanza tena moja.

Mwalimu mmoja, rafiki yangu, alisimama akatazama, kisha akasema, "Mzee mwenzangu, hiyo ni kidali po. Siku watakapokutana na mpira wenyewe wataaibika." Neno lake lina uzito. Kitu kilichopunguzwa kwa ajili ya mtoto wa maskini huweza kubaki kimepunguzwa maisha yake yote. Mpira laini ni ngazi, na ngazi isiyofika darini ni kuni tu.

Jibu langu nililipata kwa binti wa miaka 9, ambaye kila mara alisimama pembeni na mdogo wake mgongoni. Siku moja alinikabidhi mtoto bila kusema neno, akachukua kibao. Leo yeye na mwenziwe hufikisha mapigo 40. Juma lililopita alifuta mstari wa nyuma kwa unyayo, akauchora upya hatua tatu mbali zaidi. Hakuna aliyemwagiza.

Ndugu walimu, godoro kuukuu, mkasi na kamba havikosekani katika kata yoyote, anzeni navyo. Nanyi mlio na viwanja vyenye malango, jueni kwamba watoto hawa wanasogeza mstari kila juma. Siku watakapofika kwenu na vibao vyao mikononi, wakuteni lango likiwa wazi.