Njia ya Mwongo

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mhadhiri mmoja mstaafu aliwafafanulia wanafunzi wake methali hiyo kwa miaka mingi, asijue kwamba maana yake kamili ilikuwa ikimsubiri katika uwanja wa gofu.

Katika mchezo huo, kila mchezaji huwa na handikapu, yaani idadi ya mapigo anayopunguziwa ili mnyonge aweze kushindana na hodari. Mwenye 16 akimaliza mashimo 18 kwa mapigo 88, huhesabiwa kuwa amepiga 72. Kadiri mchezaji anavyoimarika, ndivyo nambari hiyo inavyoshuka. Mwalimu alitamani ishuke, nayo ikashuka. Lakini ilishuka kwa kalamu. Mpira ulipozama kichakani, aliusogeza kwa ncha ya kiatu. Ulipobakisha hatua moja kufika shimoni, aliuokota bila kulihesabu pigo lililosalia. Kijana aliyembebea fimbo aliyaona yote, akanyamaza.

Siku ya mashindano ya jozi ilipowadia, kadi ya Mwalimu iliandikwa na mpinzani. Alipiga 101. Yalipoondolewa 16, yalisalia 85. Mwenzake, rafiki yake wa tangu ujana, alikuwa amecheza vizuri kuliko siku zote, lakini walishindwa pamoja. Rafiki huyo hakulalamika. Alimpa mkono, akaenda zake. Mkono huo ulimuuma Mwalimu kuliko tusi.

Jioni hiyo alimuuliza yule kijana, "Kosa langu ni lipi?"

"Mwalimu, labda tuanze kwa kuhesabu," kijana akajibu kwa upole.

Wakahesabu. Baada ya miezi michache, handikapu ilipanda hadi 23. Hapo ndipo Mwalimu alipoisoma vyema kanuni. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 huchukua raundi 20 za mwisho, ukazingatia ugumu wa uwanja, kisha ukatafuta wastani wa 8 zilizo bora. Zile 12 nyingine haziingii. Kumbe siku mbaya alizozificha kwa jasho, kanuni ilikuwa tayari kumsamehe!

Alitambua jambo jingine pia. Katika uwanja wa mapigo 72, mapigo 36 hutengewa zile nyasi fupi zinazolizunguka shimo, mawili kwa kila shimo. Ilhali yeye fedha zake na nguvu zake zote alizimalizia kwenye fimbo ya masafa marefu. Tangu hapo, kila alasiri alisukuma mpira hatua mbili, hatua tatu, hadi giza lilipolificha shimo.

Mwaka ulipokwisha, handikapu yake ilikuwa 19. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya kalamu, ila hii ilikuwa yake. Akamwalika rafiki yake wacheze tena. Kabla ya pigo la kwanza, alimsimulia habari ya ile 16 bila kuficha neno, kisha akamkabidhi kadi na penseli.