Mgeni Siku Mbili: Wanafunzi wa Kitui na Makueni Wafika Marangu

Saa kumi ya alfajiri, majogoo walipokuwa wakianza kuwika, basi liliondoka mjini Kitui likiwa limejaa wanafunzi. Lilipita Mutomo na Ikutha, likavuka mto Athi, na jua lilipokuwa limepanda kidogo likafika Kibwezi katika Makueni. Hapo wanafunzi wengine walikuwa wakingoja kando ya barabara kuu ya Mombasa. Wote walikuwa safarini kwenda Marangu, katika mteremko wa Kilimanjaro, nchini Tanzania, wakakae juma moja pamoja na wanafunzi wenzao wa huko. Wengi wao hawakuwa wamepata kuvuka mpaka wa nchi yao hata siku moja.

Mwalimu aliyewaongoza aliwakumbusha kwamba safari si jambo geni kwa Wakamba. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alipofika Kitui alikaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu pwani. Na ni huko Kitui ndiko Krapf alikouona mlima Kenya, tarehe 3 Desemba mwaka huo. Basi, alisema mwalimu, yafaa wajukuu wa wasafiri hao wasafiri kwa adabu na macho wazi.

Miongoni mwao alikuwamo binti wa kidato cha pili, atokaye upande wa mashariki wa Kitui, mahali pakavu. Kwao mvua za kutegemewa ni zile za mwezi wa Novemba. Zile za Machi na Aprili huja zikipenda. Kwa miezi mingi mto huwa mchanga mtupu. Tangu utoto wake binti huyu amekuwa akiteremka mtoni kabla ya mapambazuko, pamoja na punda na mitungi minne, akichimba mchangani hata maji yaanze kuchuruzika, akiyateka kwa kata, kisha akingoja yachuruzike tena. Nyumbani kwao kila tone lina kazi yake: maji yaliyooshea mboga hupewa mbuzi, na yaliyofulia nguo humwagiwa mche wa mwembe.

Kutoka Voi basi liliacha njia ya Mombasa likashika ile ya magharibi, likapita mashamba ya mkonge ya Mwatate na nyika ya Maktau, hata likafika Taveta. Ng'ambo yake ni Holili, ambako tangu mwaka 2016 maofisa wa nchi mbili huwahudumia wasafiri chini ya paa moja. Hati zikakaguliwa, mihuri ikagongwa. Noti chache za Kenya zikageuka kuwa maelfu ya shilingi za Tanzania, na vijana wakajiona matajiri, mpaka walipouliza bei ya soda.

Walipofika Himo walishuka kunywa chai. Binti yule alimwendea mama mwenye hoteli, akasema kama asemavyo kila siku kwao, "Nipe chai." Mama akamtazama, kisha akatabasamu. "Binti, hujambo? Umetoka mbali, naona. Hapa twasema, 'Shikamoo, mama, naomba chai.'" Wenzake wakacheka. Binti akaona haya, lakini akarudia maneno hayo sawasawa, naye mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akamwongezea andazi moja bila malipo. Tangu saa ile wanafunzi wote walikuwa wakiomba, wala hapakuwa na aliyesema "nipe" tena.

Walipanda Marangu jioni. Baridi ilikuwa kali, na pande zote ilikuwa migomba, chini yake mibuni, na nyumba zimefichwa katikati kama ndege katika kiota. Mlima wenyewe hawakuuona kwa ajili ya mawingu. Walilishwa mtori wa ndizi na nyama, wakapelekwa bwenini.

Usiku wa manane binti aliamka. Alisikia maji yakimwagika nje. Akadhani kwamba mtu amesahau kufunga bomba, na moyo wake ukamwenda mbio kama mtu aonaye moto katika ghala. Akajifunga shuka, akatoka gizani kulitafuta bomba hilo alifunge. Hakuliona. Mama mlezi wa bweni alimkuta amesimama penye ukingo wa mfereji mwembamba, maji yakipita miguuni pake kwa kasi, yakitoka gizani na kuingia gizani.

"Watafuta nini, mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Natafuta mahali pa kuyafunga."

Mama yule hakucheka. Alimwambia kwamba hayo ni maji ya mfereji, ambao Wachagga huuita mfongo, nayo hupita hapo mchana na usiku. Akamshika mkono akamrudisha kitandani. Walakini binti hakupata usingizi, bali alilala akihesabu mitungi.

Siku ya pili mawingu yalifunguka asubuhi, na Kibo ikaonekana na theluji yake. Kilele chake ni meta 5,895 kutoka usawa wa bahari, wala hakuna kilichozidi hicho katika Afrika nzima. Wanafunzi walitembezwa katika vihamba, yaani mashamba ya urithi yazungukayo nyumba, wakaelezwa habari za kahawa na za chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933 ili wakulima wauze mazao yao kwa sauti moja. Waliambiwa vilevile kwamba wengi hudhani maji haya ni theluji iliyoyeyuka, lakini sehemu kubwa hutokana na msitu ukingao mvua na ukungu juu ya mlima. Barafu yenyewe imepungua mno tangu mwaka 1912 ilipopimwa.

Mchana msichana mwenyeji alimwuliza binti, "Na kwenu je, maji mnayo?" Binti akajibu upesi, "Tunayo ya kutosha." Jibu hilo lilimkaa kooni kutwa. Alikuwa ameionea haya nchi yake.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu wageni walipewa majembe kweli. Ilikuwa zamu ya kuusafisha mfereji, na watu wa mtaa walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi, wazee kwa vijana, kuondoa matope, majani na mawe. Mzee mmoja aliwaeleza kwamba mifereji ya namna ile ilikuwapo kabla Mzungu wa kwanza hajafika mlimani. Babu zao waliichimba kwa mikono, wakiyaongoza maji kando ya vilima kutoka kijito hadi kijito. Asiyefika kazini hutozwa faini, na kila mtu hupewa zamu yake ya kumwagilia. Wakati wa ukame ugomvi hutokea, na watu wa tambarare hupata machache. Mifereji iliyokosa watu wa kuitunza imekufa.

Binti aliinua kichwa. "Mzee, kazi hii kwetu huitwa mwethya," alisema. Ndipo akaungama kwamba jana hakusema kweli. Akaeleza jinsi watu wa kwao, katika Kitui na Makueni, wanavyokusanyika kujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto mkavu. Mvua ikija, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, yakisitiriwa na jua kali, hata miezi ya kiangazi. Akasema pia kwamba katika Kitui kuta za namna hiyo zimejengwa kwa mamia tangu miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la SASOL na kwa jasho la wanakijiji wenyewe.

"Maji ndani ya mchanga?" mzee aliuliza. "Nayo hayaonekani?"

"Hayaonekani, mzee. Lakini ukichimba, yapo."

Mzee aliegemea jembe lake akafikiri. Kisha akawaita wenzake, akamwomba binti aeleze tena tangu mwanzo, polepole, naye akachora mto na ukuta kwa kijiti katika matope ya mfereji. Watu wazima walizunguka kutazama, na wengine wakauliza unene wa ukuta na kina cha msingi. Wenzake wa Makueni wakasaidia kujibu, kwa kuwa nao wamebeba mawe hayo mabegani mwao.

Usiku ule binti aliyasikia maji tena, lakini hakutoka nje kuyafunga. Alikwisha jua ni mikono ya nani iliyoyaleta hapo. Kijana apatapo nafasi ya kuiona nchi ya wenzake, asidhani amekwenda kutazama bahati ya wengine. Na atazame kazi yao, na aulizwapo habari za kwao, aseme kweli bila haya. Huenda ana la kuwafundisha wenyeji wake.