Baridi ya Mwezi wa Tisa

Huku kwetu Likasi, Kongo, mwaka wa masomo unaanza mwezi wa tisa, wakati jua limeshakausha kila kitu na mvua bado ni ahadi tu. Kwa miaka mingi nilikuwa na desturi moja ya kuuanza. Nilifuta ubao vizuri, nikachora mstari katikati, upande wa kushoto nikaandika maneno na upande wa kulia maana zake. Ubeberu. Ukoloni. Mkutano wa Berlin. Dola Kuu. Vita Baridi. Niliyaandika kwa Kifaransa, kwa kuwa mtihani wa taifa ni wa Kifaransa, halafu nikayafafanua kwa Kiswahili ili yaingie. Wanafunzi walinakili kimya, nami nilipenda ule ukimya. Niliudhani ni kuelewa.

Ninachotaka kusimulia ni kitu kidogo, sifuri moja niliyoitoa kwa wino mwekundu miaka ishirini na kitu iliyopita. Katika jaribio la kwanza niliuliza maana ya Vita Baridi, alama mbili. Jibu nililolitaka lilikuwa daftarini: uhasama wa Marekani na Umoja wa Kisovieti, tangu 1947 hadi 1991, bila wao wenyewe kupigana ana kwa ana. Msichana mmoja wa mwaka wa tano, mpole, wa dawati la nyuma, aliandika kwa Kifaransa cha kujikongoja kwamba Vita Baridi ni wakati nkambo wake, yaani babu yake, alipojificha chini ya kitanda, mji huu ukiitwa Jadotville. Basi. Sentensi moja. Nilichora sifuri, na pembeni nikaandika: nje ya swali.

Sikumwonea kwa hasira, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nadhani hata nilitabasamu.

Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa kwenye kilio kule Kikula, usiku, tumekaa kwenye mabenchi tukiota moto, na mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akanitazama kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Wewe njo mwalimu uliyempa mjukuu wangu zero juu ya kitanda yangu?"

Wazee wengine walicheka. Mimi nilitafuta pa kuficha uso. Nikafanya kosa la pili, ambalo ni la walimu wengi: badala ya kuomba radhi nikaanza kufundisha. Nikamweleza, kwa heshima zote, "Baba, Vita Baridi ni jambo la mataifa makubwa mawili," nikaendelea mpaka 1991. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Sasa baridi ilikuwa wapi, mwalimu? Ile ilikuwa mwezi ya kenda. Jua njo ilikuwa inatuua."

Sikuwa na jibu. Tarehe nilikuwa nazo, maana nilizisoma chuoni: tangu 13 hadi 17 Septemba 1961 kikosi cha Waayalandi wa Umoja wa Mataifa, wasiozidi sana mia na hamsini, kilizingirwa nje kidogo ya mji huu na askari wa jimbo la Katanga lililojitenga pamoja na mamluki wa Kizungu. Walikuwa wametumwa kuwalinda watu ambao wengi wao hawakuomba kulindwa. Ndege moja ya kivita ya Tshombe, kiongozi wa Katanga, aina ya Fouga, iliwapiga kutoka juu. Maji yakawaishia, risasi zikawaishia, wakasalimu amri, na katika wao hakufa hata mmoja. Usiku ule ule wa kuamkia tarehe 18, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alianguka na ndege yake karibu na Ndola akienda kuonana na Tshombe. Yote haya niliyajua. Ila katika kichwa changu yalikaa kwenye kabati moja, lenye jina la historia ya Kongo, na Vita Baridi vilikaa kwenye kabati jingine, la historia ya dunia. Haikunijia kwamba msichana yule alikuwa amefungua makabati yote mawili kwa ufunguo mmoja.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiyarudia maneno yangu ya ubaoni moja moja, kama mtu anayekagua vyombo vya nyumba baada ya mgeni kumwambia kimoja kina ufa. Neno ubeberu, kwa mfano. Mimi nililipata redioni, kwa Watanzania, kwani kwetu tunasema kwa Kifaransa. Nilipolitamka darasani kwa mara ya kwanza wanafunzi waliangua kicheko, wakiona beberu wa jirani aliyefungwa kwenye mwembe. Niliwanyamazisha. Leo najiuliza kama kicheko kile hakikuwa mwanzo mzuri wa somo kuliko fasili yangu. Yule mzee hakuwahi kutumia neno hilo wala ukoloni. Yeye alisema Kampuni, yaani Union Minière ya migodi, na alipotaka kuzungumzia serikali ya Wabelgiji alisema Bula Matari, mvunja-mawe, jina ambalo wenyeji walimpa msafiri Stanley na baadaye likawa la dola nzima. Katika mji ulioanzishwa kwa sababu ya mawe, uliopewa jina la Jean Jadot, mhandisi na bwana mkubwa wa mtaji wa Union Minière, sijui kama kuna fasili inayolishinda.

Tena Kampuni lilikuwa neno gumu kuliko langu. Kwangu ubeberu ulikuwa uovu mtupu, umenyooka. Kwa mzee, Kampuni ilimpiga na kumlisha. Ilimpa nyumba ya matofali, posho ya kila wiki, hospitali ambako watoto wake walizaliwa. Gécamines, kampuni ya serikali, iliporithi ile Kampuni, watu waliendelea kuiita baba na mama, na mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walipoondolewa kazini kwa mkupuo, walilia kama yatima. Nitamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba ninajua jina la kilichompata?

Na Dola Kuu. Kilomita kama ishirini kutoka ubaoni pangu upo mgodi wa Shinkolobwe. Mawe yake bora yalikuwa na hadi asilimia 65 ya oksidi ya urani. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alisafirisha tani zipatazo 1,200 hadi New York, zikakaa ghalani, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, Agosti 1945, ilitoka katika shimo hilo. Nilifundisha Dola Kuu kwa miaka kumi nikitaja Washington na Moscow, wala sikuwahi kunyoosha mkono kuonyesha dirishani.

Hata hivyo sitaki kumgeuza mzee yule kuwa kitabu na mimi kuwa mjinga, maana hilo nalo ni rahisi mno. Fasili ina kazi yake. Kama kila mtu atasema Vita Baridi ni kitanda chake, mtu wa Likasi na mtu wa Hiroshima watazungumzaje? Bila lile neno la ubaoni, nisingejua kwamba Waziri Mkuu Lumumba kuomba msaada Moscow Agosti 1960, Katanga kujitenga Julai mwaka huo huo, na ile ndege ya Fouga ni nyuzi za kitambaa kimoja. Mzee hakulijua hilo. Aliona uzi mmoja, uliopita juu ya paa lake. Kuna siku naona nilistahili kumpa msichana alama moja kati ya mbili. Kuna siku naona mbili. Siku nyingine, nikichoka na mtihani wa taifa uko mlangoni, naona nisingeweza kufanya vingine, nami naogopa siku hizo.

Msichana alifaulu, akaenda zake mbali. Sikumwomba radhi. Nilikuwa nikisubiri nafasi inayofaa, na nafasi zinazofaa zina tabia ya kupita kwa upande mwingine wa barabara.

Lakini usiku ule wa kilio, moto ulipokuwa unafifia, niliweza walau kuuliza swali moja ambalo halikuwa la kufundisha. Nilimwuliza mzee alisikia nini pale chini ya kitanda.

Alifikiri. Akasema ndege ilipita mara nyingi, chini sana, na mke wake alikuwa anamziba mtoto masikio kwa mikono miwili.

"Alilia sana?"

"Nani, mtoto? Hapana. Alilala tu. Joto ilimlaza." Akasukuma kijinga cha moto kwa mguu. "Huyo mtoto njo mama ya ule mwanafunzi wako."